Kufufua Land Rover ya jeshi Kigoma: anzia uvunguni

Maelekezo haya ni ya Land Rover Series III ya inchi 109 (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), yenye injini ya petroli ya cc 2,286. Zilitengenezwa Solihull, Uingereza, kati ya 1971 na 1985, na majeshi mengi yalizinunua. Ukiwa na Series IIA, karibu kila kitu hapa kinakuhusu. Ukiwa na kifaru, karibu hakuna kinachokuhusu, isipokuwa habari za kutu.

Kwanza kadi. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma lazima ifanane na iliyo kwenye kadi ya gari. Itafute mbele kulia, kwenye kishikio cha springi. Safisha kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Usipitishe grainda hapo, maana ukishaifuta namba umebaki na chuma chakavu chenye magurudumu.

Halafu ingia uvunguni na nyundo ndogo. Gonga chasisi nzima, sentimita kumi kumi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio wa debe lililojaa mchanga. Gonga zaidi boriti ya nyuma kabisa, mikono inayobeba bodi pembeni, na mahali springi zinaposhikwa. Ukimaliza, kagua ukuta unaotenganisha injini na abiria, hasa pale miguu inapokanyaga na kwenye nguzo za bawaba za milango. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, lakini ukuta huo ni chuma, na unaoza kimyakimya chini ya kapeti.

Muulize muuzaji gari lilikuwa linafanya kazi gani. Lililowahi kubeba chumvi ya Uvinza, hata msimu mmoja tu, liogope. Chumvi inaingia kwenye maungio, inavuta unyevu wa ziwa usiku kucha, na kutu inaendelea hata gari likiwa limeegeshwa bandani. Bei ya kutupa ya gari la namna hiyo utailipa kwa mchomeleaji.

Chasisi

Chasisi hii ni mabamba manne yaliyochomelewa yakawa boksi, kwa hiyo kutu yake inaanzia ndani. Matope mekundu ya huku huingia kwenye matundu, hujikusanya chini, na kila masika yanalowana upya. Ingiza mpira wa maji kwa kila tundu mpaka maji yatoke safi. Kwenye gari lililolala miaka, yanaweza kutoka matope ndoo nzima. Acha likauke juani siku kadhaa kabla ya kuchomelea chochote.

Kuchomelea kuna sheria zake. Toa betri, chomoa nyaya za alteneta, toa matangi ya petroli kabisa (mengi ya jeshi yana mawili, chini ya viti). Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Kata chuma kibovu mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa. Kiraka kilichobandikwa juu ya kutu kitang'oka na kutu yake. Bamba la asili lina unene wa milimita 2 hivi, tumia la 2.5 au 3, usizidishe. Choma vipande vifupi vya sentimita mbili tatu, ukihama upande huu na ule, vinginevyo joto litaipinda chasisi na gari litakwenda kiupandeupande. Kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, pima kwa futi mishazari miwili: kutoka kishikio cha springi cha mbele kulia hadi cha nyuma kushoto, na kinyume chake. Vipimo vipishane kwa milimita chache tu.

Ukimaliza na chuma kikipoa kabisa, pulizia ndani ya boksi mchanganyiko wa oili ya giaboksi sehemu tatu na mafuta ya taa sehemu moja. Mafuta ya taa huipeleka oili kwenye nyufa, kisha huvukiza. Wengi hutumia oili chafu ya injini kwa sababu ni ya bure, lakini ina asidi, na uchafu wake ni sumu kwa ngozi. Mawese pia hayafai: yanachacha, yanaganda, na panya wanayapenda.

Vipuri vilivyosafishwa na vinavyosubiri zamu vipake grisi nzito, uvifunge kwenye nailoni. Hapa Kigoma ushahidi wa grisi unaelea ziwani. Wajerumani walipaka injini za meli ambayo leo ni MV Liemba grisi nene kabla ya kuizamisha wenyewe Julai 1916. Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiwa na injini zilezile.

Aluminiamu inapogusana na chuma penye maji, aluminiamu huliwa na kubaki unga mweupe. Kwenye kila ungio weka kipande chembamba cha mpira au utepe wa lami kati ya metali hizo mbili, na bolti zipake grisi. Praima ya kawaida haishiki kwenye aluminiamu. Sugua kwa msasa namba 240, kisha paka praima ya kung'ata metali.

Injini iliyokwama

Usilivute gari kwa trekta ili kulilazimisha liwake. Pistoni iliyoshikwa na kutu ikivutwa kwa nguvu hupasua ringi, na wakati mwingine hupinda konrodi. Toa plagi zote nne. Kila silinda mimina kama mililita 50 za mchanganyiko nusu kwa nusu wa dizeli na oili ya giaboksi otomatiki. Acha siku tatu, ongeza, acha tena. Kisha weka spana kubwa kwenye nati ya mbele ya krenki na utikise kidogo mbele na nyuma. Ikianza kusogea hata robo ya ukucha, umeshinda, kazi iliyobaki ni uvumilivu.

Ikishazunguka, mwaga oili yote, badilisha filta, weka 20W-50 mpya: lita 6, na karibu lita moja zaidi kwa filta. Plagi zikiwa bado nje, piga stata kwa vipindi vya sekunde kumi mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo urudishe plagi. Kuwasha injini iliyolala bila kupandisha oili kwanza ni kuua beringi za krenki ndani ya dakika moja.

Pima mgandamizo injini ikiwa ya moto, kanyagio la mafuta likiwa chini hadi mwisho. Namba yenyewe si muhimu kama kulingana kwa silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu lake la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu, au gasketi ya silinda hedi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, mara nyingi ni gasketi iliyoungua katikati yao.

Ukifungua hedi, bolti zake kubwa zinarudi kwa futi-pauni 65 (Nm 88), kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu. Usikaze kwa kukisia mkono. Spana ya torki ya kuazima ni rahisi kuliko gasketi ya pili. Baada ya injini kupata moto na kupoa, rudia kukaza, kisha weka tapeti, yaani upenyo mdogo unaoachwa juu ya kila valvu.

Tapeti zote nane ni milimita 0.25, za kuingiza na za kutoa moshi. Njia ya haraka ni ya tisa: valvu namba 1 ikiwa imefunguka kabisa, weka namba 8. Namba 2 ikiwa wazi, weka 7, na kuendelea hivyo, jumla daima ni tisa. Fila geji, yaani kibati cha kupimia upenyo huo, ipite kwa kukwaruza kidogo. Tapeti inayotoa kelele ndogo haina madhara makubwa, inayobana ndiyo inayochoma valvu.

Jambo moja linalowachanganya mafundi wengi: nafasi ya valvu ya moshi inazidi kupungua kila unapoipima. Sababu ni petroli. Injini hizi zilibuniwa wakati petroli ina madini ya risasi, na risasi ndiyo iliyokuwa inalinda viti vya valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia 2006. Bila risasi, valvu inakula kiti na kuzama. Dawa ya kudumu ni kumpelekea hedi fundi kereza akaweke viti vya chuma kigumu upande wa moshi. Kama fedha haijapatikana, usilikimbize gari kwa kasi likiwa na mzigo, na pima tapeti kila kilomita 3,000.

Kabureta ya Zenith

Hapa ndipo petroli nyingi inapopotea bure. Dalili: moshi mweusi, gari haliwaki likiwa la moto, na slo (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii hata ukizungusha skrubu yake siku nzima. Fundi atabadilisha plagi, pointi, koili, hata pampu. Kosa ni kwamba uso wa kifuniko cha juu na wa kile kipande cha ndani chenye jeti vimepinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, petroli inapenya katikati yake badala ya kupita kwenye jeti.

Fungua kifuniko, tenganisha kipande cha jeti, na toa kila kilichochomekwa humo. Tafuta kioo cha dirisha kilicho sawa kabisa, weka juu yake msasa wa maji namba 400, lowanisha, kisha sugua uso kwa duara, bila kukandamiza, mpaka mng'ao uwe sawa kila mahali. Maliza na namba 800. Badilisha ringi ndogo ya mpira iliyo kati ya vipande hivyo. Ndogo kuliko kifungo cha shati, lakini ikikatika hakuna kingine kitakachosaidia. Jeti zipulizie upepo tu. Waya ukipitishwa ndani hupanua tundu, na hapo umeharibu jeti. Unaporudisha, kaza skrubu kwa kupishana na kwa bisibisi fupi, ili mkono usipate nguvu ya kupinda tena.

Upande wa cheche, nafasi ya pointi iwe milimita 0.35 hadi 0.40. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Kondensa mpya za bei rahisi hufa mapema kuliko za zamani, kwa hiyo ile ya zamani inayofanya kazi usiitupe.

Maji

Kuna mazoea ya kung'oa thermostati kwa sababu ya joto. Injini ikikosa thermostati inachelewa kupata moto, petroli isiyoungua inateremkia kwenye oili, na silinda zinalika. Gari likichemsha, chanzo ni matope. Nyuma ya bloku, karibu na silinda ya nne, mchanga na kutu hujikusanya mpaka maji hayazunguki. Fungua bomba la kumwagia lililo ubavuni mwa bloku. Kama halitoi kitu, chokoa kwa waya, maji yatoke kwa nguvu. Safisha kwa mpira kinyume na mwelekeo wa kawaida. Jaza maji ya mvua yaliyochujwa na dawa ya redieta. Hapa hatuna barafu ya kuogopa, dawa hiyo tunaitaka kwa kuzuia kutu.

Breki

Kutoka eneo la Mwanga hapa Kigoma kushuka mjini hakuna nafasi ya kubahatisha. Kila mpira na kila silinda ya gurudumu ibadilishwe, hata ile inayoonekana nzima. Vipuri hivi vinapatikana Dar es Salaam, Kariakoo na Gerezani, na vinafika kwa basi au treni. Peleka sampuli ya zamani, usitegemee maelezo ya simu, kwa sababu silinda za kushoto na kulia zinapishana na zipo za vipenyo tofauti.

Vumbi la breki za zamani lina asbesto. Usipulize kwa kompresa. Lowanisha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kisha kifukie.

Dramu za 109 zina kipenyo cha inchi 11. Zinaweza kuchongwa mpaka zipanuke kwa inchi 0.030 (milimita 0.75), zaidi ya hapo zinapata joto na kupasuka. Mbele kila gurudumu lina silinda mbili, na ndiyo sababu kutoa upepo kunawashinda wengi. Njia iliyo na uhakika: kabla ya kutoa upepo, kaza bolti zote za kurekebishia nyuma ya dramu mpaka magurudumu yakwame. Viatu vya breki vikiwa vimebana dramu, pistoni hazisogei ukikanyaga. Toa upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani la nyuma kushoto, ukimalizia la karibu. Kisha legeza kila bolti mpaka gurudumu lizunguke huru. Mbele ni bolti mbili kila upande, nyuma ni moja.

Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 yenye kopo lililofungwa. Yanavuta unyevu, na hewa ya ziwani ni unyevu mtupu, kwa hiyo badilisha kila miaka miwili. Oili yoyote ya kawaida ikiingia humo, hata kijiko, mipira yote inavimba na unaanza upya.

Ekseli ya mbele

Ile tufe ya kung'aa nyuma ya gurudumu la mbele ikishashika vidonda vya kutu, hukata sili na oili inavuja. Kubadilisha sili peke yake ni kupoteza fedha. Tufe likiwa na vidonda vidogo, jaza kwa gundi ya epoksi ya chuma, ikikauka sugua mpaka ukucha usihisi kitu. Likiwa limeliwa sana, nunua jipya.

Ugumu wa kugeuka wa kila gurudumu hurekebishwa kwa shimu (vibati vyembamba) za juu. Fungua fimbo ya sterini, toa sili, kisha vuta mkono wa sterini kwa mizani ya kuning'iniza, ileile ya kupimia samaki mwaloni. Ianze kusogea kwenye kilo 6 hadi 7. Chini ya hapo usukani utatetemeka ukigonga shimo, na mtetemeko huo hauponi kwa kubadilisha matairi.

Oili ya tufe ni nusu lita ya EP90 kila upande. Kwingineko: giaboksi lita 1.5, transfa lita 2.5, difu ya mbele lita 1.75, difu kubwa ya nyuma aina ya Salisbury lita 2.5. Nati za magurudumu futi-pauni 75 hadi 85.

Springi ukizirudisha, bolti za mipira yake usizikaze gari likiwa juu ya jeki. Lishushe chini kwanza, lisukumesukume, ndipo ukaze. Vinginevyo mpira unabaki umejinyonga na kuchanika ndani ya miezi michache.

Umeme

Magari yaliyobeba redio ya jeshi ni ya volti 24, betri mbili za 12 zilizofuatana. Usichukue volti 12 kwenye betri moja kwa ajili ya muziki au simu. Betri hiyo itakufa njaa na mwenzake itachemka kwa kuchajiwa kupita kiasi. Weka kipunguza volti. Chaji nzuri ni volti 27.6 hadi 28.8, au nusu yake kwa gari la 12.

Stata ikizunguka kivivu, kabla ya kununua betri weka mita kati ya nguzo hasi ya betri na bloku ya injini mtu akipiga stata. Ikionyesha zaidi ya volti 0.5, waya wa atisi ndio mgonjwa.

Rangi

Raia kuonekana na sare za jeshi ni kosa, na gari la rangi ya jeshi barabarani litakusimamisha kila kizuizi. Ongea na polisi wa usalama barabarani kabla ya kupuliza, usiweke namba wala alama za kikosi chochote, na rangi ikibadilika, kadi ibadilishwe TRA. Ukikuta risasi au kitu usichokielewa chini ya viti, acha hapohapo uite polisi.

Likishapona

Liwashe kila wiki mbili na uliendeshe angalau nusu saa. Kuwasha dakika tano na kuzima ni kubaya kuliko kutowasha, kwa sababu maji yanabaki kwenye oili na ndani ya ekzosti. Petroli ya miezi sita imwage. Propela shafti zipige grisi kila mwezi wa mvua.

Ekseli zina vipumulio vidogo juu yake, na matope huviziba. Vikiziba, joto linasukuma oili nje kwenye sili, na ukiingia mtoni ekseli ya moto inapoa ghafla na kunyonya maji. Baada ya kila safari ya kuvuka maji, legeza nati ya chini ya difu uone tone la kwanza: likiwa na rangi ya maziwa, mwaga yote siku hiyohiyo. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu lenye kizibo cha kuvukia maji. Kikaze unapoingia, kitoe ukishatoka, kwani kikiachwa, oili inayovuja kwenye sili ya nyuma ya krenki itajikusanya humo na klachi itaanza kuteleza.